Njia Iliyoishia Darasani

Mama yangu alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kila siku, ya kuita mbuzi na kutugombeza sisi wanawe, na sidanganyi, haikuwa nzuri. Ilikuwa kavu, imekwaruzwa na moshi na ugoro. Ya pili aliitoa misibani tu, na hiyo watu walitembea kutoka mbali kuja kuisikia, ingawa hakuna aliyethubutu kusema amekuja kwa ajili hiyo. Walisema wamekuja kuzika.

Kwetu, upande wa Sepuka, katika ukoo wetu mtu hakuzikwa kimya. Kabla mwili haujatolewa, mwanamke mmoja alisimama mlangoni, akajifunika kaniki kichwani, akamtajia marehemu njia. Alianzia kwenye mlango wa nyumba aliyolala. Akataja zizi, akataja kisima, akataja jabali la pimbi, akataja mgunga uliopigwa na radi, halafu maboma ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka kwa wale ambao hakuna aliye hai aliyewahi kuwaona. Wanawake wengine walipokea, "Haya, nenda." Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika, lakini kwa Kinyaturu yana uzito mwingine. Mwanamke huyo alikuwa mama yangu, na kabla yake alikuwa bibi yangu.

Kazi hiyo ilikuwa na miiko yake. Sauti ile haitolewi bila maiti. Ikishaanzwa haikatwi, maana utakuwa umemwacha mtu njiani. Na humtajii marehemu mahali ambapo hakuwahi kufika, au angalau kufikishwa mgongoni mwa mtu, kwa kuwa atapotea. Hilo la mwisho halikuwa na shida zamani. Mtoto wa kwetu, kabla hajaota meno, alikuwa ameshabebwa kisimani, jabalini na kwenye maboma yote ya babu zake. Asiyetajiwa njia hubaki pale pale alipofia, hajui ageukie wapi. Mimi nilikua nikiamini hivyo kama ninavyoamini kwamba uwele hauoti bila mvua, na sijaacha kuamini, hata baada ya kubatizwa.

Kisha ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Tulikuwa tumesikia kwenye redio ya duka kwamba watu watakaa pamoja, watalima pamoja, watapata shule na maji, na hayo hayakuwa maneno mabaya. Ila hakuna aliyetuambia kwamba siku ya kuhama ingekuwa leo. Mgambo walikuja asubuhi na lori. Nyumba yetu ya tembe, ambayo baba alikuwa ameiezeka udongo kabla hajafa, ilibomolewa paa ili tusirudi. Mimi nilikuwa nimekuja kujifungulia kwa mama, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza, na mume wangu alikuwa kibarua wa barabara huko Manyoni. Tumbo lilikuwa kubwa. Nilipandishwa kwenye lori pamoja na vibuyu, kuku na jiwe la kusagia, na mama akakaa juu ya jiwe lile akiangalia nyuma mpaka jabali la pimbi likapotea.

Kijiji kipya kilikuwa kwenye mbuga tupu, nyumba zimepangwa mistari iliyonyooka utadhani matuta ya viazi. Kulikuwa na bomba la maji, na kusema kweli bomba lile lilikuwa neema. Kulikuwa na ofisi, na kando yake banda refu la nyasi ambalo liliitwa darasa. Kurudi mahame, kule tulikotolewa, kulikatazwa. Waliojaribu walirudishwa na mgambo, wengine na mboko mgongoni. Binti yangu alizaliwa huko, mstari wa tatu, nyumba ya mwisho, bila kuwahi kuona hata moshi wa kwetu.

Mama alikuwa akihangaika na jambo moja ambalo hakulisema mbele ya watu. Aliniambia tukiwa tunatwanga.

"Mwanangu, mtu akifia hapa nitaanzia wapi?"

"Anzia mlangoni, mama, kama siku zote."

"Mlangoni ndiyo. Halafu? Mstari wa tatu, mstari wa pili, ofisi. Nani anakaa ofisini katika wazee wetu?"

Nilicheka, na yeye akacheka kidogo, lakini mchi wake ulisimama. Mzee wa kwanza kufa kijijini alikuwa jirani yetu wa zamani, na mama alimpitisha mistari yote, akamtoa barabarani lilikopita lori, akamrudisha kinyumenyume hadi jabali la pimbi. Wanawake walipokea kwa nguvu siku ile kuliko nilivyowahi kusikia. Wengi walikuwa wanajililia wenyewe.

Katikati ya hayo kikaja kisomo cha watu wazima. Mwalimu alikuwa kijana wa Kinyiramba, amemaliza darasa la saba, shingo nyembamba, adabu nyingi. Kwa kuwa wanafunzi wake wote walikuwa mama zake na bibi zake, alianza kila somo kwa kumwamkia kila mmoja shikamoo, mstari kwa mstari, na kila mmoja akaitikia marahaba na kuuliza habari za kwao Kiomboi, za mama yake na za ng'ombe wao. Walipomaliza jua lilikuwa limesogea. Ndipo alipogeuka kuwa mwalimu na wao wakawa watoto.

Mama alikwenda kwa kulazimishwa, maana asiyekwenda alihesabiwa kuwa mkaidi. Alimfunga binti yangu mgongoni, mimi nikabaki na shamba la kijiji, na siku nyingine nilikwenda nao. Mtoto alipenda lile banda. Darasani wanawake walisema kwa pamoja ba be bi bo bu, na mtoto alikuwa akilala kabla hawajafika bu. Nyumbani alikuwa msumbufu, halali mpaka ulie naye. Kule alilala kama amepigwa.

Siku moja nilikuwapo. Mwalimu alimwomba mama asimame asome ubaoni peke yake. Mama alisita, akatazama huku na huku. Kusimama mbele ya watu na kusema maneno kwa mpangilio, maneno ambayo hayaruhusiwi kukosewa, alikuwa amekufanya maisha yake yote, lakini kwa namna moja tu. Hakuwa na namna nyingine. Alisimama, akavuta kaniki juu ya kichwa kwa mazoea, na sauti iliyotoka ikawa ile ya pili.

"Baaa," akaanza, "beee."

Na wale wanawake, bila kufikiri, wakapokea, "Haya, nenda."

Mwalimu alitabasamu akidhani ni furaha ya kujifunza. Mama mwenyewe alishtuka, niliona macho yake, lakini alikuwa ameshaanza, na ikianzwa haikatwi. Akaendelea. Akapita ba be bi bo bu, akashuka mstari wa pili, ka ke ki ko ku, akamaliza ubao mzima kwa sauti ya kumsindikiza mtu, huku wanawake wakiitikia na wengine machozi yakiwatoka. Mtoto wangu mgongoni mwake alikuwa amelala fofofo.

Kijiji kizima kilisikia. Wanaume waliacha majembe. Tulipotoka bandani tulikuta watu wanakuja kutoka mistari yote kama inavyotakiwa msibani, wanawake na kuni kichwani, wengine na unga wa uwele kwenye vibuyu, vijana na majembe ya kuchimbia. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja mbio, shati limefungwa kifungo kimoja.

"Nani?" aliuliza, akihema. "Nani ametutoka?"

Mwalimu akainua chaki yake.

"Hapana, mzee. Ni ba be bi bo bu."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Balozi alicheka pia, akijipangusa jasho, akasema maiti huyo ni mkubwa, amejaa ubao mzima. Unga walirudi nao. Lakini kuni za msiba hazirudi nyumbani, huo nao ni mwiko, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kubeba za kwake. Kwa hiyo ziliachwa palepale, rundo kubwa, kando ya darasa. Kikongwe mmoja wa mstari wa kwanza hakucheka. Alilitazama rundo, akasema, "Hizi zitatafuta mwenyewe," kisha akaenda zake.

Mwalimu, kwa akili yake ya ujana, aligundua jambo. Siku ya pili yake wanawake wote walikuwa wameukariri ubao. Wale ambao kwa majuma hawakuweza kutofautisha be na bi walizisoma bila kubabaika. Akamwomba mama aongoze tena kwa sauti ileile. Mama alikataa. Akaomba tena kwa heshima, akipiga goti, akimwita bibi. Mama akakubali.

Nataka niseme wazi jinsi mama alivyokuwa katika majuma yale, kwa sababu sikuwahi kumwona hivyo kabla wala baadaye. Alikuwa na furaha. Alikuwa ameishi na sauti nzuri kuliko zote nchini mwetu na hajawahi kuitoa pasipo maiti mbele yake. Sasa aliitoa mchana kweupe, watu wakitabasamu, kisha anarudi nyumbani kupika mlenda. Njiani alikuwa akimwimbia mjukuu wake kwa sauti ndogo, ba be bi bo bu, na mtoto akipiga miguu mgongoni. Jioni moja aliniambia, "Kumbe inatoka hata bila uchungu." Nilikuwa nachambua mboga.

Kisha surua ikaingia. Zamani, tulipokaa mbalimbali, boma kwa boma, ugonjwa wa namna ile ulikuwa ukichoka njiani. Katika mistari ile iliyobanana ulipita mlango hadi mlango. Binti yangu aliugua miongoni mwa wa mwanzo. Macho yakavimba, kinywa kikawa kidonda, akakataa ziwa. Tulimpeleka zahanati, tukapewa dawa, tukarudi. Mama alikaa naye mapajani akimpepea kwa upindo wa kaniki. Hakumwimbia. Mtoto alihangaika akitaka kulala na usingizi hauji, na mimi nilimwambia mama amwimbie ile ya darasani, alale. Mama alitikisa kichwa tu. Asubuhi, jua limeshatoka, mtoto alilala mwenyewe, na hakuamka.

Sitaandika jinsi nilivyolia. Kila mwanamke aliyezika anajua, na asiyezika Mungu amwepushe.

Watu walikuja. Walikuja mikono mitupu, kwa sababu kuni zilikuwapo. Balozi aliwatuma vijana wakazichukue kando ya darasa, wakazileta mlangoni kwangu, zimekauka vizuri, zikawaka bila moshi. Kila mmoja pale alikuwa akifikiria jambo lile lile, kwamba mwimbaji aliita bila maiti, na aliyekuwa karibu zaidi na sauti, mgongoni kabisa, ndiye aliyeitika.

Mama naye aliamini hivyo. Alikaa ndani kwenye kona, mgongo umeegemea jiwe la kusagia, na walipomwita mlangoni hakuinuka. Wanawake waliingia mmoja mmoja wakatoka. Mwishowe niliingia mimi.

"Mama, wanangoja."

"Waache wangoje. Siitoi tena sauti hii. Ndiyo iliyomwita."

"Mama, mwanangu hatabaki hapa mlangoni."

"Nitampeleka wapi?" Alinitazama usoni, na macho yake yalikuwa makavu. "Hajafika kisimani kwetu. Hajafika jabalini. Hajui boma hata moja. Nikimtaja huko atapotea, mwanangu. Huyu hana njia."

Hasira ilinipanda. Sijui ilikuwa kwake, au kwa lori, au kwa Mungu. Nilimwambia kwa sauti, watu wote wakisikia, "Kama ni sauti yako iliyomtoa, basi sauti yako imfikishe. Pale anapopajua. Hata kama ni karibu."

Mama aliutoa mgongo kwenye jiwe. Kisha akashika ukuta, akainuka, akafunika kichwa.

Sijawahi kusikia njia fupi kama ile. Alianza mlangoni, mstari wa tatu, nyumba ya mwisho. Akataja kigogo tulichokuwa tukikalia kunyonyesha. Akataja bomba, na tope la bombani ambamo mtoto alipenda kuchezea mikono. Akataja nyumba ya balozi yenye mbwa mweupe. Wanawake wakapokea, "Haya, nenda," polepole, maana mtoto haharakishwi. Akataja ofisi, kivuli cha ofisi, mlango wa banda. Akamwingiza darasani. Hapo akanyamaza, na sote tukajua kwamba njia imekwisha, kwa sababu mtoto hakuwahi kubebwa mbele ya pale. Wale waliokuwa wamekuja kumhukumu waliinamisha vichwa.

Lakini haikatwi katikati. Mama alivuta pumzi, akasema kwa sauti ileile, na hayo hayakuwa katika maneno aliyoachiwa na mama yake:

"Kaa hapa, mjukuu wangu. Usiende mbele, mbele hupajui. Hapa pana kivuli, na wasomaji watakuimbia. Lala. Nikiwa naondoka mimi, nitakupitia."

Wanawake hawakujua wapokee nini. Mmoja tu ndiye aliyepokea, yule kikongwe wa mstari wa kwanza. Alisema, "Haya, lala."

Tangu siku ile mama hakuimba tena, si msibani, si darasani. Kisomo aliacha, na balozi, Mungu amrehemu, hakumwandika kuwa mkaidi. Mwalimu alikuja kutuamkia, akakaa kwenye kigogo, akalia kama mtoto wa watu, kisha akahamishiwa kijiji kingine upande wa Issuna. Msiba ulipotokea mama alikwenda akakaa pamoja na wengine, akapasua kuni, akachota maji. Wazee walipozikwa kimya hakuinua macho. Baadaye kwaya ya kanisa ikachukua nafasi, na ninaipenda kwaya, nami nimeimba humo. Lakini kwaya inamwambia marehemu aende mbinguni bila kumwambia apite wapi.

Mume wangu alirudi, tukapata watoto wengine, wakakua. Miaka ilipopita na amri zikalegea, watu walianza kurejea mahame, kwanza kulima, kisha kujenga. Mama alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu. Kijana wangu alimjengea nyumba hatua chache kutoka kwenye vifusi vya tembe la baba, ukikaa mlangoni unaliona jabali la pimbi. Kijiji cha mistari kilibaki na watu wachache. Banda la darasa lilianguka, wakapanda alizeti mahali pake. Hakuna siku tuliyozungumza habari za lile neno aliloliahidi. Ila kila nilipomsalimu asubuhi, shikamoo mama, aliniitikia marahaba na kuuliza kama nimepita kule, na nilijua kule ni wapi. Nikijibu nimepita, aliuliza kama alizeti imechanua.

Alikufa mchana, baada ya kula, ameegemea jiwe lile lile. Watu walijaa. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, mzee kuliko wote waliokuwapo, aliniita pembeni.

"Mama yako hatazikwa kimya. Wewe ndiye uliyebaki unayejua. Na njia yake nyepesi: mlango huu, zizi, kisima, jabali, amefika. Wazee wako hapo tu."

Sikuwa nimewahi kuitoa sauti hiyo maishani, wala sikujua kama ninayo. Nilijifunika, nikasimama mlangoni. Ilitoka. Haikuwa kama yake, lakini ilitoka.

Nilitaja mlango. Nikataja zizi. Wanawake wakapokea, "Haya, nenda." Walitazamia sasa nitaje kisima. Badala yake nilimgeuza mama, akalipa mgongo jabali la pimbi, nikamtoa kwenye barabara ya lori. Sauti za kupokea zikapungua. Nikataja mbuga, nikataja mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Shangazi alinivuta nguo, akaninong'oneza, "Umepotea, unampeleka wapi marehemu?" Sikukata. Nikataja kigogo, nikataja bomba na tope lake, nyumba ya balozi, mbwa mweupe, kivuli cha ofisi. Kufika hapo kulikuwa kimya kabisa, naimba peke yangu.

"Ingia darasani, mama," nikasema. "Uliahidi utampitia. Inama, yuko hapo hapo ulipomwacha. Amelala. Mfunge mgongoni, kaza kaniki, turudi nyumbani."

Nilimsikia mwanamke mmoja akiangua kilio nyuma yangu, kisha mwingine. Shangazi aliiachia nguo yangu. Kutoka kule hadi jabalini ni mbali kwa mtoto, na mtoto yule alikuwa msumbufu akiamka, kwa hiyo sikutaja mahali pengine popote. Niliimba ba be bi bo bu, njia nzima, na wanawake wale, ambao wengi wao walikuwa wamesoma darasani kwetu, wakapokea.